Nilitia Udongo Kwenye Mvinyo

Chupa 24 ziliondoka Dodoma zikiwa safi. Ukiinyanyua moja mbele ya dirisha ulimwona kuku anayepita uani, manyoya na yote. Zilikuwa za sendofu ya binti wa shangazi yangu, Dar es Salaam, na nilishajisifu kwa ukoo mzima kwamba safari hii hatununui mvinyo dukani, wa kwangu upo. Nikazipanga kwenye buti la gari, nikazitenganisha kwa kanga kuukuu, tukaondoka saa nne asubuhi. Morogoro tukasimama kula. Gari likabaki juani saa nzima na ushee, buti limefungwa, sisi tuko kivulini na kuku wa kuchoma.

Kesho yake shangazi akamimina glasi ya kwanza, akaiinua kwenye mwanga, akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, hii ni waini au togwa?"

Ulikuwa umechafuka. Si mashapo yaliyokaa chini ya chupa; hayo ningeyatetea. Ulikuwa na ukungu mweupe chupa nzima, juu hadi chini, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Ladha ilikuwa ileile na harufu ileile, lakini ningemwambia nani? Chupa zikarudishwa jikoni, kijana akatumwa dukani, na mimi nikapewa kazi ya kupanga viti.

Nilirudi Dodoma namtafuta mchawi. Nikashuku chupa, nikashuku sabuni, nikashuku vizibo. Mtaani kwetu kuna mzee aliyefanya kazi ya mvinyo kiwandani miaka mingi kabla hajastaafu, nikampelekea chupa moja. Shikamoo, marahaba, karibu kiti. Hakuifungua hata. Aliitikisa, akaitazama, akauliza, "Iliwekwa juani?"

"Ilikuwa kwenye buti la gari, mzee."

"Basi umeupika."

Zabibu ina protini. Si nyingi, lakini zilizomo ni zile za ukaidi. Mzabibu huzitengeneza kujikinga na maradhi, nazo hazimalizwi na hamira wala hazivunjwi na uchachu wa mvinyo. Zikiwa kwenye ubaridi zimejikunja vizuri, huzioni. Zikipata joto hukunjuka na kushikana, na mvinyo ukipoa zinabaki zikielea kama vumbi jeupe. Habari ya yai ni hiyohiyo: ute ukiwa mbichi unaona hadi chini ya bakuli, ukiupasha moto umeshakuwa mweupe, na hakuna namna ya kuurudisha. Ukungu huo haumdhuru mnywaji. Unamdhuru mwenye mvinyo, mbele ya wageni.

Kwa msiopafahamu, Dodoma ndiko ziliko zabibu za Tanzania. Mizabibu ililetwa na wamisionari wa Kikatoliki, na kwa kuwa hapa hakuna baridi ya kuulaza mti, mkulima anayejua kupogoa huvuna mara mbili kwa mwaka. Kaskazini mwa mji kuna kituo cha utafiti cha Makutupora, na zabibu nyekundu yetu maarufu imebeba jina la mahali hapo. Nyeupe niliyoitumia mimi ni Chenin Blanc, ambayo asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Soko likiwa baya watu hukamua wenyewe na kuuza mchuzi. Mchuzi wa zabibu, ndivyo tunavyouita, usifikirie nyama. Mimi si mkulima, nanunua kreti zangu na kuchachusha kwenye chupa kubwa ya kioo ya lita 20 iliyokaa chini ya ngazi, mvinyo wa kunywa nyumbani. Wa kuuza una leseni zake na TBS yake, wale wa viwango, huko sijafika.

"Utie udongo," mzee akasema, kama mtu anayekwambia utie chumvi.

Hapo nilimkumbuka bibi, Singida. Maji ya lambo yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Bibi alimenya mbegu za mlonge, akazitwanga, akazikoroga kwenye kikombe cha maji kisha akamimina ndani ya ndoo. Koroga haraka, kisha polepole, kisha funika uache. Asubuhi tope lote limelala chini na juu kuna maji unayoweza kujitazama. Alipokosa mlonge alitumia shabu ya dukani. Yaani mimi nimekua nikiona watu wanahangaika kuutoa udongo kwenye kinywaji, halafu mzee wa watu ananiambia niutie.

Kumbe ni kazi ileile iliyogeuzwa nyuma mbele. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi. Kwa kuwa zote ni hasi zinasukumana, ndiyo maana tope la lambo linaweza kuelea siku nzima bila kutua. Mbegu ya mlonge ina protini yenye chaji chanya: inazikamata chembe, inazifunga mafungu, mafungu yanakuwa mazito, yanazama. Sasa njoo kwenye mvinyo. Humo ndani yamejaa asidi, na kwenye uchachu ule protini za zabibu nazo huwa na chaji chanya. Ukitia udongo, zinaukimbilia zenyewe. Bibi alitumia protini kuukamata udongo, mvinyo unataka udongo uzikamate protini.

Si udongo wowote, lakini. Unaotumika unaitwa bentonaiti, na ulianza kama majivu ya volkano yaliyokaa ardhini na majini miaka mingi mno hadi yakageuka. Jina alilipa mwanajiolojia wa Marekani, Wilbur Knight, mwaka 1898, kutokana na miamba ya Benton kule Wyoming, na Wyoming hadi leo ndiko kunakochimbwa ule unaovimba kuliko wote. Madini yake makuu, montimoriloniti, yamepangwa kwa vibapa vyembamba kuliko unavyoweza kufikiria. Ukiulowanisha, maji yanaingia kati ya kibapa na kibapa na kuvitenganisha, na hapo gramu moja inakuwa na uso wa zaidi ya mita za mraba 700. Nilipiga hesabu: gramu 10 zilizolowana sawasawa zinafunika uwanja wa mpira wa miguu. Ndiyo sababu kijiko kinatosha chupa zima la lita 20. Watengeneza mvinyo wa California walianza kuutumia miaka ya 1930, ila wazo la udongo lilikuwepo kabla. Jerez, kusini mwa Hispania, walikuwa wakisafisha mvinyo wao kwa ute wa yai na udongo wa Lebrija, mji wa jirani, tangu zamani.

Kuupata kwangu kulinichekesha. Nilimuulizia fundi mmoja wa visima, kwa kuwa nilisikia wanautumia, naye akajibu bila kufikiri, "Mwalimu, unataka mifuko mingapi?" Ni kweli wanautumia. Wanaukoroga ukawa uji mzito, unashikilia kuta za shimo zisiporomoke na kupandisha juu vipande vya mwamba. Lakini udongo wa kuchimbia mara nyingi umechanganywa na vitu vingine vya kuuongezea nguvu, na hakuna aliyekusudia mtu aunywe. Hali kadhalika ule wa choo cha paka, na ule wa kupaka usoni. Wala usichukue pemba ya sokoni wanayotafuna wajawazito, huo ni udongo wa namna nyingine. Nilisubiri hadi nikaagiziwa nusu kilo ya daraja la vinywaji. Nusu kilo hiyo itanizika, maana hadi leo sijafika nusu yake.

Mara ya kwanza niliharibu. Nilichota vijiko viwili vya unga mkavu nikavitupa moja kwa moja kwenye chupa. Ulifanya madonge, kama uji wa bi harusi mgeni, madonge makavu ndani na yenye utelezi nje, yakazama yote bila kumkamata mtu. Mvinyo ukabaki na protini zake. Mzee aliposikia alicheka hadi akashika ubavu. Udongo unalowekwa kwanza: chukua maji ya moto, karibu nyuzi 60, nyunyizia unga kidogokidogo juu yake huku unakoroga, kama anayeanza kusonga ugali. Usifanye kinyume ukamwagia maji juu ya unga. Gramu 10 kwa mililita 200 za maji. Blenda ni halali. Kisha uache ulale hadi kesho. Asubuhi unakuta kitu laini kama mtindi mwepesi, hakina chembe mdomoni. (Nilionja. Hakina ladha yoyote, ni utelezi tu.)

Mara ya pili niliharibu kwa upande wa pili. Nikasema kidogo hakikutosha, basi nimalize kazi: gramu 3 kwa kila lita. Siku nne baadaye nilikuwa na mvinyo unaong'aa kama maji ya chemchemi, na kwa bahati mbaya ladha nayo ilielekea hukohuko. Udongo hauchagui sana. Ukishamaliza protini unaendelea na harufu za matunda na kile kinachoupa mvinyo unene mdomoni. Na juu ya hayo, chini ya chupa kulikuwa na tope jepesi, la kuvimba, limekula karibu lita mbili. Lita mbili ni zaidi ya chupa mbili na nusu. Niliichuja ile tope kwa kitambaa nikapata kikombe kimoja na hasira.

Kwa hiyo kipimo ndiyo kazi yenyewe, na kipimo hakisomwi kwenye pakiti. Pakiti inakupa uwanja wa kuchezea, kwa kawaida kati ya gramu 0.25 na gramu 1 kwa lita. Ndani ya uwanja huo kila mvinyo una haja yake. Zabibu zetu zinaiva kwenye joto kali, uchachu wake hushuka upesi, na uchachu ukishuka protini nazo zinapungukiwa na chaji, basi udongo unaotakiwa unaongezeka. Mtu wa nchi ya baridi akikwambia yeye hutia nusu gramu, mshukuru kisha ukapime wa kwako.

Ninapima hivi. Natoa chupa tano za nusu lita za mvinyo. Moja naiacha kama ilivyo. Nne zilizobaki natia ule uji wa udongo kwa bomba la sindano la duka la dawa: mililita 2.5, 5, 7.5 na 10. Kwa ukoleo wa gramu 10 kwa mililita 200, hiyo ni robo gramu, nusu gramu, robo tatu na gramu moja kwa lita. Natikisa, naziacha zitue siku mbili. Kisha nachota juu ya kila moja mvinyo uliotakata, nauchuja kwa karatasi ya kahawa, natia kwenye vichupa vya jemu vyenye alama, na kuviweka ndani ya sufuria ya maji ya nyuzi 80 kwa saa mbili. Ndiyo, naupika makusudi. Buti la gari la Morogoro nimelihamishia jikoni. Vikishapoa kabisa nazima taa na kupitisha mwanga wa tochi ya simu kwa ubavu wa kila kichupa. Penye ukungu mwanga unachora mstari, kama jua linapoingia kwenye chumba chenye vumbi. Kichupa cha kwanza kisicho na mstari, kuanzia kwenye udongo mdogo, ndicho kipimo changu. Msimu uliopita kilikuwa robo tatu ya gramu. Gramu 15 kwa chupa langu la lita 20.

Ila kabla ya yote hayo kuna swali ambalo nilichelewa miaka miwili kulijua, na ndilo ninaloulizwa sasa na kila jirani anayeniletea chupa yake ya choya au ya ndizi. Wanakuja wanasema, nipe ule udongo. Namuuliza, ukungu wako ni wa nini? Udongo unakamata protini, na unaweza kuiburuza hamira iliyochoka ikashuka nayo. Basi. Kwenye mvinyo wa matunda mara nyingi mkosaji ni pektini, ileile inayogandisha jemu, na udongo haumjui kabisa. Unaweza kutia kilo. Kuijua ni rahisi: sehemu moja ya mvinyo, sehemu nne za spiriti, tikisa, subiri nusu saa. Ikitokea nyuzinyuzi au madonge ya utelezi kama kamasi, hiyo ni pektini, na dawa yake ni kimeng'enya cha pektini, ambacho hufanya kazi vizuri zaidi kikitiwa mwanzo kabla ya kuchachusha. (Kilichopimwa kwa spiriti kinamwagwa, tafadhali, asije mtu akakionja.) Ndizi zina kesi ya ziada, wanga. Tone la aidini la duka la dawa likigeuka bluu iliyokolea, unao. Na ukungu wa hamira tu, ule wa wiki za mwanzo, haudai dawa bali subira. Upeleke mahali penye ubaridi, kaa mbali nao mwezi. Nusu ya wagonjwa wanaoletwa kwangu wana ugonjwa huo wa haraka.

Mvinyo mwekundu karibu hauhitaji mambo haya. Ngozi za zabibu zinaupa tanini, kile kinachokausha mdomo kama chai kali, na tanini huzishika protini zikashuka na mashapo tangu wakati wa kuchachuka. Ukiutia udongo utaupokonya rangi bure. Dawa yake, kama ni mkali mno mdomoni, ni ute wa yai. Kuna vitu vingine vingi vya kusafishia, na kimoja kinatoka kwetu: mabondo ya sangara wa Ziwa Victoria. Yakikaushwa na kusindikwa hutengenezewa kitu chenye chaji chanya cha kutuliza hamira kwenye bia na mvinyo. Miaka mingi tumekula samaki na kuacha bondo liende zake.

Siku ya kutia udongo nafanya jioni. Natia uji wote, nakoroga kwa mpini mrefu wa mwiko dakika tano, nafunga, na kurudia kukoroga kidogo baada ya saa moja. Dakika za kwanza mvinyo unaonekana kuharibika kuliko ulivyowahi kuharibika, rangi ya chokaa. Usipanike. Kisha vinaanza kutokea vipande kama theluji ya kwenye televisheni, vinashuka, na juu kabisa, karibu na shingo ya chupa, unaonekana ukanda mwembamba uliotakata, upana wa kidole. Asubuhi umekuwa kiganja. Wagogo husimulia kwamba jina la mji huu lilitokana na neno lao la kuzama, baada ya tembo aliyekuja kunywa maji kudidimia kwenye tope. Tembo mnyama, si ya mnazi. Kila nikikaa kwenye ngazi kutazama lile wingu likididimia huwa namkumbuka.

Wiki moja, mbili kama ninayo nafasi. Kisha nauhamisha kwa mpira, ncha ikiwa juu ya tope sentimita mbili, bila tamaa. Tamaa ya glasi moja ya mwisho inalivuruga lote, na udongo huu ukivurugika hautui kwa adabu ya mara ya kwanza.

Mke wangu, ambaye hanywi, aliniuliza swali zuri kuliko yote ya mzee: kwani lazima ung'ae? Mbege hauoni chini ya kibuyu. Ulanzi una weupe wake, tembo la mnazi vilevile, togwa ndiyo kabisa, na hakuna mtu aliyewahi kurudisha kata kwa sababu haikupitisha mwanga. Sikuwa na jibu la heshima. Mvinyo tumeupokea pamoja na glasi yake, na glasi inaonyesha kila kitu. Kama tungekuwa tunaunywea kwenye kibuyu, nisingekuwa najua hata neno bentonaiti. Siku hizi ninapouweka wa kunywa sisi wenyewe, kwenye kabati la ubaridi, bila safari wala jua, siutii chochote. Una harufu zaidi, na ninauona hivyo kila msimu ninapolinganisha. Udongo nautia mvinyo unaosafiri.

Mwezi wa tisa nilituma tena chupa Dar, 12 tu, kwa basi la mchana, kwa makusudi mazima. Sikulala vizuri. Shangazi alipiga simu siku ya pili, saa moja jioni.

"Imefika. Inang'aa, nimemuonyesha hata mchungaji."

"Nashukuru sana, shangazi."

"Lakini kali hiyo, mwanangu. Ulisahau sukari?"